Bunduki Zilizostaafu Jeshini

(Hotuba iliyotolewa bwaloni mbele ya waliosoma hapa na wanafunzi wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Katibu wetu aliponiandikia kuniomba nizungumze juu ya maisha ya ughaibuni na namna tunavyopumzika huko baada ya kazi, nilimjibu kwamba mapumziko yangu ni kupiga shabaha kwa bunduki za zamani za jeshi. Wiki mbili zikapita kimya. Kisha akaandika: karibu sana, lakini usije nayo. Sikuja nayo. Imebaki Uingereza ndani ya kabati la chuma lililofungwa ukutani, na hata bila onyo la Katibu nisingethubutu, maana Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina masihara na mtu anayeshuka kwenye ndege na bunduki, akisema ati ni ya mchezo. Nimekuja na kitu kimoja kidogo mfukoni, nacho nitakitoa wakati wake ukifika.

Najua kinachowakera baadhi yenu, kwa kuwa wengine mmeniuliza tangu asubuhi. Mtu mzima mwenye wajukuu, anachezea bunduki? Katika nchi hii bunduki ni ya jeshi, ya polisi na ya askari wa wanyamapori. Sisi tuliopita JKT tulifundishwa shabaha kwa SAR za Kichina, na tulifundishwa kwa sababu moja, ulinzi wa taifa. Mwaka 1978 sababu hiyo ilifika Kagera, na wako waliokaa kwenye madawati ya shule hii ambao hawakurudi. Kwa hiyo swali si la kipuuzi, na sitalijibu kwa mzaha.

Mchezo wenyewe ni wa kutoboa karatasi. Unalala kifudifudi juu ya mkeka, mbele yako kuna uwanja wa majani, na mwisho wa uwanja kuna karatasi kubwa iliyobandikwa kwenye fremu, ina duara jeusi katikati. Kazi yako ni kuweka tundu ndani ya duara lile, kisha tundu la pili karibu na la kwanza, mpaka la kumi. Hakuna mnyama wala mfano wa mtu. Waingereza waliuanza kwa shabaha ya kijeshi, chama chao cha taifa cha bunduki kikaundwa mwaka 1859, na mashindano ya kwanza yakafanyika Wimbledon mwaka 1860. Malkia Victoria ndiye aliyefyatua risasi ya kwanza. Bunduki ilikuwa imekwisha lengwa na kukazwa juu ya kitegemeo cha chuma, yeye akavuta kamba ya hariri, risasi ikapiga karibu kabisa na katikati. Mpaka leo naona ndiyo shabaha rahisi kuliko zote zilizopata kupigwa. Mwaka 1890 mashindano yalihamia Bisley, katika jimbo la Surrey, na huko ndiko niendako mimi. Kiwanja kimoja kina shabaha zaidi ya 100 zilizopangwa safu moja, na kingine kinafika yadi 1,200, yaani karibu mita 1,100.

Msidhani huko mtu anaingia dukani na kutoka na bunduki kama anayenunua jembe. Baada ya mauaji ya Hungerford mwaka 1987 walipiga marufuku bunduki kubwa zinazojipakia zenyewe, na baada ya yale ya Dunblane mwaka 1996 wakapiga marufuku karibu bastola zote. Anayetaka bunduki kwa ajili ya shabaha hujiunga na klabu, akakaa chini ya uangalizi si chini ya miezi 3, polisi wakaja nyumbani kutazama kabati, na daktari wake akaulizwa habari za akili yake. Cheti kikitoka kinaandika kila bunduki kwa namba yake, na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Kumbukeni habari hiyo ya namba, maana nitairudia.

Sasa, kwa nini bunduki kuukuu, wakati madukani kuna mpya zenye darubini? Wengi hujibu kwamba ni rahisi kwa bei, na zamani ilikuwa hivyo kweli. Jeshi la Uingereza lilipobadili silaha katika miaka ya 1950, maghala yalijaa bunduki ambazo hazikuwa na kazi tena, zikauzwa kwa fedha kidogo. Leo bei imepanda. Anayezipenda sasa anazipenda kwa jinsi zilivyo, na mimi niliyefanya kazi ya ufundi mitambo maisha yangu yote nawaelewa.

Yangu ni Lee-Enfield namba 4. Lee ni James Paris Lee, mzaliwa wa Scotland aliyekulia Kanada, na Enfield ni mahali kaskazini mwa London palipokuwa na kiwanda cha silaha cha serikali. Jamii hiyo ya bunduki iliingia jeshini mwaka 1895 ikakaa zaidi ya miaka 60. Namba 4 peke yake zilitengenezwa zaidi ya milioni 4. Hii yangu haikutengenezwa Uingereza hata kidogo, bali Chicopee Falls, katika jimbo la Massachusetts, na kampuni ya Savage, tena imegongwa maneno kwamba ni mali ya Marekani, ingawa askari wa Marekani hawakupewa bunduki hizo. Ndivyo makaratasi ya mkopo wa vita yalivyotaka. Uzito wake ni kilo 4 na kidogo, na inabeba risasi 10.

Ukiifungua unaona akili ya watu waliojua kwamba itatumiwa na askari aliyechoka, kwenye matope. Bolti yake, yaani lile komeo la chuma linalosukuma risasi ndani, huinuliwa kidogo tu kisha ikarudi nyuma kwa urahisi, hata mtu anaweza kupakia bila kuondoa jicho kwenye shabaha. Vichwa vya bolti vilitolewa kwa saizi nne, kuanzia 0 hadi 3, ili bunduki ikichakaa fundi abadili kichwa tu badala ya kuitupa bunduki nzima. Hata kitako kilikuwa na urefu mbalimbali: kifupi, cha kawaida, kirefu, na kingine kifupi zaidi kwa watu wadogo, kila kimoja kikigongwa herufi yake. Changu kina herufi S, yaani kifupi. Mimi ni mrefu, kwa hiyo kidole gumba changu kinakaribia mno pua yangu, na wenzangu wamenishauri mara nyingi nikibadili. Sijakibadili.

Risasi zake zina ukingo kwenye kitako cha ganda, na hapo ndipo mgeni anapokwama. Ni lazima ukingo wa risasi ya juu utangulie mbele ya ule wa chini. Ukizipanga kinyume zitanasana ndani ya magazini na bolti haitasogea hata uitukane. Kusafisha nako kuna utaratibu wake. Fataki za risasi za zamani huacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi huvuta unyevu, na asubuhi yake unakuta kutu. Mafuta peke yake hayaiondoi. Ni maji ya moto kwanza, yamiminwe ndani ya mtutu siku ileile, ndipo kitambaa kikavu, na mafuta mwisho.

Kupiga kwenyewe ni kazi ya pumzi. Unavuta, unatoa nusu, unaizuia. Kifyatulio kina hatua mbili: ya kwanza ni nyepesi kama kamba iliyolegea, kisha kinagota, na hapo huna haraka tena. Unaongeza nguvu kidogo kidogo mpaka bunduki inakushtua yenyewe. Inapiga teke begani, si haba. Risasi yenye uzito wa gramu 11 inatoka mtutuni ikienda karibu mita 740 kwa sekunde, na kwenye shabaha ya yadi 600 inachukua karibu sekunde moja hivi kufika. Katika sekunde hiyo moja upepo unaweza kuipeleka nje kabisa ya duara jeusi. Ndiyo maana utawaona wazee wamelala na bunduki zao dakika nzima bila kufyatua, macho yako kwenye bendera. Kwa asubuhi nzima napiga risasi 30, pengine pungufu. Wanangu, najua sinema mnazotazama usiku kwenye simu zenu. Mle hakuna hata mmoja anayesubiri upepo.

Nusu nyingine ya siku unakuwa mtaroni. Shabaha huko hushushwa na kupandishwa kwa mkono, nyuma ya ukuta mnene wa udongo, na wanaozihudumia ni wapigaji wenyewe kwa zamu. Jaji na fundi bomba wanasimama pamoja, wote wana gundi vidoleni. Risasi inapita juu ya vichwa, unashusha fremu, unatafuta tundu, unachomeka alama, unaziba la zamani, unapandisha. Risasi ya namna hii hufika kabla ya mlio wa bunduki iliyoitoa. Unachosikia kwanza ni pasuko kali, kavu, juu ya kichwa, ndipo mshindo mzito unafuata kutoka mbali.

Pasuko lile nalijua tangu utoto. Kwetu Njombe mianzi ni mali, ndiyo inayotupa ulanzi, na ikizeeka hukatwa na kuchomwa. Mwanzi mbichi ukichomwa, hewa iliyo ndani ya pingili hupasuka kwa sauti ileile. Marehemu baba alikuwa hataki mianzi ichomwe karibu na nyumba. Hakutoa sababu. Jirani akichoma, baba aliacha alilokuwa akilifanya, hata kama ni chakula, akaenda kusimama upande wa pili wa nyumba mpaka moto uishe. Sisi watoto tulidhani ni mambo ya mizimu. Baba alikuwa askari wa K.A.R., Keya kama wenyewe walivyoita, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wenye alama ya kichwa cha kifaru. Katika masika ya mwaka 1944 walishuka bonde la Kabaw huko Burma, kwenye malaria na matope, wakawasukuma Wajapani hadi Kalewa, na mwezi Desemba wakavuka mto Chindwin. Misitu ya huko ina mianzi tele. Nilikuwa na miaka zaidi ya 50, nimesimama kwenye mtaro wa Bisley na gundi mkononi, nilipojua baba alikuwa akisikia nini.

Sasa nitoe kitu changu. Wengi mnakiona ni kichupa cha shaba ya manjano, kirefu kama kidole, kifuniko chake kina kijiti chenye kichwa kama upawa mdogo. Kipitisheni, kila mtu akishike. Nyumbani kwetu kilikuwa kichupa cha mafuta ya cherehani ya mama. Mama alichovya kile kijiti, akadondosha tone kwenye kila tundu la cherehani, akafunga. Sikupata kuuliza kimetoka wapi, maana mtoto haulizi kijiko kimetoka wapi. Siku niliyokabidhiwa bunduki yangu, mwalimu wa klabu alinionyesha kijimlango kilicho nyuma ya kitako. Ukikifungua, ndani kuna kamba ya kusafishia mtutu, na kichupa cha mafuta. Kilikuwa hiki hiki. Nikakifungua kifuniko nikaona kijiti chenye upawa, na kwa muda sikuweza kumwelewa mwalimu alikuwa akisema nini.

Nisieleweke vibaya. Sidai kwamba bunduki yangu ni ya baba. Anayewauzia hadithi kama hizo, na wako, mkimbieni. Kichupa ndicho chake, na bunduki ni ya jamii ileile, basi.

Lakini ndipo nilipoanza kuisoma bunduki yangu kama mtu anavyosoma barua. Na kwa hakika imejaa maandishi. Ina namba yake ubavuni, na namba hiyohiyo nyuma ya mkono wa bolti, ili bolti ya bunduki moja isiingizwe kwenye nyingine bila kupimwa. Ina alama ya kiwanda, alama za wakaguzi, na alama ya nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyoanzishwa mwaka 1813, kuthibitisha kwamba ilipimwa kwa risasi kali kabla ya kuuzwa kwa raia. Nikitaka naweza kueleza nani alikagua mbao na nani alikagua mtutu. Jina la aliyeibeba halimo.

Mwenzangu mmoja klabuni ana bunduki ya Uswisi, ile ya mwaka 1931, ambayo bolti yake huvutwa nyuma moja kwa moja bila kuinuliwa. Ziliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1958. Waswisi wana desturi ya askari kukaa na bunduki yake nyumbani, na wengi walikuwa wakiweka kikaratasi chini ya bamba la kitako. Mwenzangu alifungua skrubu mbili mbele yangu, akainua bamba, na kikaratasi kilikuwepo: jina la mtu, kikosi chake, mji wake. Kimekunjwa vizuri, wino haujafutika. Alikirudisha mahali pake na kukaza skrubu. Kila akienda kupiga shabaha anakwenda na mwenye bunduki.

Nilimwonea wivu, nasema kweli. Uswisi haikupigana katika vita ile, na askari wake ana jina ndani ya kitako. Baba yangu alitoka Njombe akavuka bahari na mito, na kilichobaki ni kichupa kisicho na hata namba. Mzee mmoja wa Kiingereza, mtu mwema, aliponisikia nikitaja Burma alishangaa: alidhani huko walipigana Waingereza na Wahindi tu. Jeshi lile la 14 lenyewe walilibandika jina la Jeshi Lililosahaulika. Sijui basi sisi tungeitwaje.

Waliokufa katika vita vya pili wengi wameandikwa kwenye kumbukumbu. Wa vita vya kwanza ndio wenye habari mbaya. Mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ya kamati yake maalumu, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda idadi inafika 350,000. Hao ni askari, na zaidi ya askari ni wapagazi, waliobeba risasi na unga kutoka huku hadi Msumbiji mpaka wakaanguka njiani. Ukienda Dar es Salaam, pale kwenye sanamu ya Askari iliyosimikwa mwaka 1927, utaona bunduki imechongwa vizuri sana, singe imeelekezwa bandarini. Izunguke sanamu yote, soma kila upande. Hutakuta orodha ya majina.

Na hao waliorudi hai, kama baba, hawamo kwenye kumbukumbu ya waliokufa wala kwenye sanamu. Walirudi wakalima.

Basi ndiyo sababu yangu, Ndugu Mwenyekiti. Napenda mchezo huu kwa ajili ya ufundi wake, na ningeupenda hata kama baba angekuwa karani. Lakini kila ninapomimina maji ya moto mtutuni, kisha kitambaa, kisha mafuta, mikono yangu inafanya yaleyale ambayo mikono yake ilifundishwa akiwa na miaka 22, na yeye hakuniambia neno hata moja juu yake. Vijana, hamhitaji bunduki kwa jambo hili, na wala sitaki mtoke hapa mkiitamani. Bunduki ya K.A.R. ilitumika Burma, na ilitumika pia dhidi ya watu wetu wenyewe. Mau Mau walipoingia msituni mwaka 1952, K.A.R. walitumwa kuwafuata. Anayeipenda bunduki kuukuu ayabebe hayo nayo.

Nimezungumza na mwalimu wa historia. Amekubali kufungua daftari, liko maktabani juu ya meza ya magazeti. Kila mwenye babu, au babu wa babu, aliyekuwa Keya, mpagazi, au askari wa Mjerumani, aandike jina lake kamili, kijiji, kikosi kama kinajulikana, na vita gani. Kama jina la kikosi halijulikani, liachwe wazi, jina la mtu linatosha. Ninyi wazee wa viti vya mbele mna majina mengi kuliko vijana, kwa hiyo nawaomba mpitie kule kabla ya chakula, si baada ya chakula, maana baada ya chakula mtalala. Mstari wa kwanza nimeujaza mimi asubuhi. Kalamu ipo, nimeifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza, kwa kuwa shule hii naijua. Na kichupa kilichofika safu za nyuma, nakiomba.